Mikunjo Mitatu ya Sir Peregrine

Sir Peregrine Lascombe alikutwa chali katika chumba chake cha kuvalia, amekufa, na kitambaa cheupe cha shingo kimenyooka kuliko cha bwana harusi. Mpelelezi Gudgeon alipiga magoti, magoti yakalia. Uzee huu, na bado anawainamia waungwana wa London!

Alikifungua kitambaa. Chini yake shingo ilikuwa na michubuko ya kamba.

"Amenyongwa kwanza, akafungwa kitambaa baadaye," alisema kwa uchovu.

"Basi ni huyu mtumishi wake, ndiye anayemvalisha," alisema konstebo. Alikwisha kumtia mtumishi huyo, Pask, pingu.

"Mzee, mimi nilitumwa sokoni!" Pask alilia. "Nilimwacha na rafiki yake, Lord Ambrose. Wataninyonga bure, nina watoto!"

Gudgeon alimwamini. Lakini neno la mtumishi mbele ya neno la lodi? Mahakama ingemaliza kesi kabla ya chakula cha mchana.

Alimkuta Lord Ambrose Wyvell nyumbani, mbele ya kioo, vitambaa vya shingo alivyojaribu kufunga na kuvitupa vimemzunguka miguuni.

"Pask mwongo," alisema bila kugeuka, alipoambiwa maneno ya mtumishi. "Jana na leo sikukanyaga kule."

"Naam, bwana mkubwa. Afadhali hukumwona. Kitambaa cha shingo kimefungwa kama mzigo wa kuni. Mungu anisamehe, nilicheka."

Lord Ambrose aligeuka. "Kama nini?"

"Hovyo kabisa. Mke wangu hufunga kuku vizuri zaidi."

"Hovyo? Mikunjo mitatu, fundo limelala kushoto! London nzima hakuna mwingine anayeliweza, we mzee mshamba!"

Gudgeon alivuta kiti akaketi bila kukaribishwa.

"Uliliona wapi, bwana mkubwa?"

Lord Ambrose alijitazama tena kiooni. Mwisho akanong'ona, "Kitambaa kilikunjamana tulipokuwa tunapambana. Ningemwachaje vile, kama mlevi?"

"Ulimuulia nini?"

"Soksi yangu iliteremka. Akaona pamba ninayotia ndani, miguu ionekane ina vigimbi. Alicheka mpaka akakaa chini. Akasema kwenye dansi atawaambia wote."

"Basi? Hilo tu?"

"Hilo tu."

Gudgeon alichoka mwili na roho. Mtu mzima, kwa pamba! Alimwagiza konstebo aliyemsubiri mlangoni akamfungulie Pask, kisha akatoa pingu.

"Mahakamani utaulizwa sababu," alisema. "Utaieleza mbele ya watu, na magazeti yataiandika."

Lord Ambrose hakuwa amemlilia rafiki yake, wala kitanzi. Sasa aliangua kilio.