Zamu Si Shati

Nyumbani kwetu ukitaka kujua ni saa ngapi, usiangalie saa. Mwangalie dada. Akiwa anapiga pasi sare, kuna ndege inamsubiri. Akiwa amejifunika shuka mpaka kichwani, zima redio na utembee kwa vidole.

Dada yangu anapanga safari za ndege. Si rubani. Wala hagawi soda ndani ya ndege, ingawa majirani hawataki kuelewa. Anakaa ofisini, uwanjani kule, mbele ya skrini. Kabla ndege haijaruka, yeye anapanga ipite wapi na ibebe mafuta kiasi gani. Na kama kule inakokwenda kuna ukungu, ikatue wapi? Huo uwanja mwingine wanauita uwanja wa akiba. Rubani anasoma mpango, akiridhika wote wawili wanatia saini. Mmoja akikosea, mwingine amshike.

Jumatatu hiyo asubuhi alikuwa anapiga pasi shati. Mkono wa kushoto. Akaugeuza, akaupiga tena. Na tena.

"We dada," nikamwambia, "huo mkono mwingine utaona wivu."

Hakucheka. Dada asipocheka, jua kuna jambo.

Mama alikuwa kwenye kochi. Mama ana mtoto wa jicho. Jicho la kulia lilikuwa limefunga kabisa, na la kushoto linaona watu kama vivuli. Alhamisi alikuwa afanyiwe upasuaji. Ulishaahirishwa mara moja, na daktari wa macho hafiki hospitali yetu kila wiki. Halafu mama alikuwa ameapa: bila dada, haendi.

"Si uende na mimi?" nilimwambia.

"Wewe? Wewe ukiona sindano unaanguka. Nitakuwa mgonjwa au nesi?"

Sasa Alhamisi dada alikuwa na zamu. Lakini alishaelewana na mwenzake wa kazini, tunamwita Mrefu. Mrefu angemshikia Alhamisi. Dada angemshikia Mrefu zamu ya Jumanne usiku.

"Si Jumanne una zamu yako mchana?" nikauliza.

"Ninayo. Nitaunganisha. Zamu moja kwa zamu moja, tumemalizana. Jumatano nitalala."

"Msimamizi anajua?"

"Msimamizi wa nini? Hii ni yangu na Mrefu. Sisi watu wazima."

Mara hodi. Mama Mawingu, jirani yetu wa mlango wa pili. Anafundisha hali ya hewa kwenye chuo cha usafiri wa anga, na zamani alifanya kazi hiihii ya dada. Upepo ulikuwa umebeba shuka lake ukalitupa kwetu.

"Mwalimu wa upepo, na upepo unakuibia!" nikamtania.

Akanipiga kofi la bega, akakaa. Akamtazama dada.

"Mwanangu, mbona macho mekundu hivyo?"

"Uchovu tu, mama." Dada akaweka pasi chini. Kisha maneno yakamtoka. "Wiki iliyopita pia nilimshikia Mrefu. Nikaunganisha hivihivi. Usiku nikapanga safari moja, uwanja wa akiba nikaweka ule ambao njia ya kurukia imefungwa, wanaikarabati. Na tangazo la kufungwa nililisoma mwenyewe! Nililisoma mchana, nikawaambia na wenzangu. Usiku nikauweka kana kwamba sijawahi kusikia."

Mama akainua kichwa. "Ndege ikawaje?"

"Haikuruka. Rubani aliona. Akanipigia: 'Dada, unataka tukatue juu ya matingatinga?' Tukabadilisha uwanja, tukaongeza mafuta, wakachelewa kidogo. Hakuna aliyeumia."

"Na kama rubani naye angekuwa amechoka?" Mama Mawingu akauliza.

Dada akainamia shati lake.

"Sikiliza, mwanangu. Kubadilishana zamu si kosa. Watu wana wagonjwa, wana harusi. Lakini zamu si shati, kwamba vaa langu nivae lako, yakaisha. Zamu ina iliyotangulia na inayofuata. Nyie mlihesabu zamu. Hamkuhesabu mapumziko ya katikati."

"Lakini mimi mwenyewe nimekubali."

"Hata ukubali kwa kupiga magoti! Hayo mapumziko huwezi kuyagawa, maana yanawalinda abiria. Ni saa ngapi hasa, kila nchi ina sheria yake, na kitabu chenu cha kazi kinasema. Kwa hiyo kabla ya kubadilishana, mnapeleka kwa msimamizi. Anaangalia wewe umepumzika, na mwenzako amepumzika. Akikataa, amekataa. Na siku ukifika kazini umechoka, sema kabla hujagusa mpango wowote. Halafu, kupumzika ni kulala. Si kufua mapazia."

Mama akakohoa. Mapazia yalikuwa nje kwenye kamba, bado yanadondosha maji.

"Na mama je?" Dada akamgeukia mama. "Nikimwambia msimamizi, ataufuta mpango wetu. Alhamisi nitakuwa ofisini. Jicho hili lingoje mpaka lini?"

Mama akapapasa mpaka akaupata mkono wake.

"Mimi giza nimeshalizoea. Lakini wale wa kwenye ndege hawajui kama unasinzia. Mpigie."

Dada akapiga. Akaweka sauti kubwa, sote tukasikia. Akasema yote, hata lile la matingatinga.

"La Jumanne, hapana," msimamizi akasema. "Mrefu atafanya zamu yake. Na la wiki iliyopita mtaniandikia taarifa, wewe na yeye. Sikufukuzi. Nataka lisirudi tena. Alhamisi unaitakia nini?"

"Mama anafanyiwa upasuaji wa jicho."

"Sasa mbona hukuniambia? Yule mwenzenu mnayemwita Bi Harusi ananisumbua anataka kupumzika Jumamosi. Yeye achukue Alhamisi yako, wewe Jumamosi yake. Subiri niangalie mapumziko yenu." Tukasikia vidole vikigonga. "Yanatosha, pande zote mbili. Akikubali, naweka kwenye ratiba."

Haikupita muda, simu ikaita. Bi Harusi amekubali. Dada akabaki mdomo wazi. Siku zote hizo alikuwa amemuuliza Mrefu peke yake!

Mrefu alinuna, jamani. Lakini Jumanne usiku alikwenda kazini, maana zamu ilikuwa yake.

Dada alirudi siku hiyo, akala, akalala. Mimi nikawa askari wa mlangoni. Watoto na mpira wao nikawafukuza. Muuza maji mwenye kipaza sauti tukakaribia kukunjana mashati.

Alhamisi dada alikaa na mama mpaka akaingizwa chumba cha upasuaji, na akatoka akamkuta palepale. Ijumaa bandeji ikatolewa. Mama akamtazama dada muda mrefu.

"Kumbe umenenepa, hakuna aliyeniambia!"

Kisha akanigeukia. "Na wewe, hizo ni ndevu au hujanawa?"

Jumamosi dada akaenda kazini. Mama nikamtoa nje, tukakaa kivulini. Ndege ikapita juu. Mama akaweka kiganja juu ya jicho, akaifuata mpaka ikaingia mawinguni.

"Hiyo ni ya dada yako?"

"Inawezekana, mama."

"Acha iende," akasema. "Dada yako jana usiku alikoroma mpaka nikahama chumba."