Gundi na Tumbo Lililosahauliwa

Haya alinisimulia jirani yangu muuguzi, mwaka jana wakati wa mvua, tukichambua maharage jikoni kwangu.

Wifi yake ni fundi cherehani kwenye karakana ya kushona sare. Karakana nzima humwita Gundi, kwa kuwa akikaa kwenye mashine habanduki. Siri yake? Hakuwa akinywa maji, maana choo kiko mbali, nyuma ya ghala. Mchana alikula mkate mweupe kwa soda, mguu ukiwa bado kwenye pedali.

Mwaka mmoja mwili ukaanza kumuuma. Leo mabega, kesho magoti, keshokutwa kila mahali. Hospitalini walimpima, wakamwambia ni maumivu sugu ya mwili. Wakampa dawa na mazoezi. Nafuu ilikuwa ndogo. Usingizi ulimpaa. Kila usiku mumewe alimkanda mabega mpaka mkono ukafa ganzi. Gundi akaogopa kwamba atalazimika kuiacha kazi anayoipenda.

Jumapili moja muuguzi akaja kuwatembelea.

"Wifi, choo ulienda lini?"

"Makubwa! Nakwambia mabega, wewe unauliza choo?"

"Sema, au nimuulize kaka."

"Mimi simo!" mume akacheka.

Gundi akanong'ona, "Siku ya nne leo."

"Ndiyo hayo. Tumboni mna vijidudu vinavyotusaidia. Vinakula mboga, matunda, maharage na nafaka isiyokobolewa. Wewe umevishindisha njaa, na maji hunywi. Tumbo na mishipa ya fahamu vinapashana habari. Tumbo likivurugika, maumivu yanaweza kuzidi. Wataalamu bado wanachunguza, lakini kula vizuri hakutakudhuru."

"Basi niache dawa?"

"Thubutu! Endelea nazo, na mazoezi pia. Chakula ongeza kidogo kidogo. Ukivamia sufuria nzima ya maharage, wenzako watahama karakana!"

Kesho yake Gundi akaweka chupa ya maji kando ya mashine. Mchana akafungua bakuli la maharage na mboga za majani. Alipoinuka kwenda choo, karakana ikalipuka: "Jamani, Gundi kabanduka!" Naye akacheka, akatembea, akajinyoosha.

Wiki ya kwanza tumbo lilinguruma. Baada ya miezi mitatu, choo kilikuwa cha kila siku. Maumivu hayakuisha yote, ila yalilegea, na kola za sare alizishona kama zamani.

Jioni moja walipanda kitandani mapema. Mume akanyoosha mkono amkande, kama alivyozoea. Gundi alikuwa ameshalala, anakoroma. Mume akautazama mkono wake uliokosa kazi, akatabasamu, akaulalia.