Mkono wa Muhidini

Jua lilikuwa linazama Mwanamina alipochukua kapu na jembe, akashuka dungu kwenda kuchimba ming'oko. Hivyo viazi vya porini ndivyo vilivyobaki kuliwa. Mpunga wa kijiji chao cha Ngorongo askari wa Mdachi waliutia moto, na nyumba pia, watu wakahamia madunguni, vile vibanda vya juu ya nguzo walivyokuwa wakilindia mashamba. Kule juu alimwacha mama mkwe wake, Bi Mwantum, amempakata mtoto. Mtoto huyo, Mwanaharusi, alikuwa na homa. Ndiye pekee aliyesalia katika watoto wa Mwanamina, na jioni ile hakuwa na dua nyingine: huyu asiende.

Porini alimkuta jirani yake, Zamda. Akamnyooshea mkono. Zamda akauficha wake ndani ya kanga.

"Usione ninaringa, shoga," alinong'ona. "Siku hizi simpi mtu mkono. Kaka yangu Bashiru alirudi vitani..."

"Alhamdulillahi."

"Nyamaza unisikilize. Alirudi, akatushika mikono, akaulizia watu. Mjomba hajambo? Hajambo. Shangazi hajambo? Hajambo. Kulipokucha, wote tuliomwambia hawajambo walikuwa maiti, na Bashiru hayupo. Baadaye wakaja wenziwe, wanasema walishamzika zamani, huko huko vitani."

Mwanamina alitaka kucheka, akashindwa. Mumewe, Muhidini, naye alikunywa ile dawa ya kugeuza risasi kuwa maji, akaenda. Hajasikika tangu hapo.

Njia nzima ya kurudi alimuwaza. Mpe mtu mkono, umeshamjua. Jumbe alikupa ncha za vidole, upesi upesi, kana kwamba utamwambukiza umaskini. Sadala muuza chumvi alikubana mpaka mifupa ikalia, na kila mtu alijua ni mwoga. Muhidini alikushika kwa mikono yote miwili, taratibu, na haachii mpaka awe ameulizia nyumba nzima, mmoja mmoja. Watu walimtania kwamba ukikutana naye asubuhi, shamba utaliona kesho. Lakini hakuuliza kwa mdomo tu. Aliwapenda watu, na Mwanamina alikubali kuolewa naye kwa sababu ya mkono ule.

Alipokaribia dungu, harufu ikamfikia kwanza. Tope. Tope la chini ya mto, lililooza.

Kisha sauti... tii... tii... maji yakidondoka.

Mtu alisimama chini ya ngazi.

"Mwanamina, mke wangu," alisema kwa upole.

Alikuwa Muhidini. Kabla akili haijafika, mkono wa Mwanamina ulikwishakwenda wenyewe, kama ulivyozoea.

Akaupokea kwa mikono miwili.

Ilikuwa ya baridi, laini kama muhogo uliovundikwa. Maji yalichuruzika vidoleni mwake wala hayakwisha.

"Habari za tangu tuachane?"

"Nzuri."

"Mama hajambo?"

"Hajambo."

Likatoka. Ndivyo watu wa kule walivyolelewa, hata anayekata roho husemwa hajambo kwanza, mabaya yafuate baadaye. Mwanamina alilisikia neno limeshatoka, akawa hana pa kulirudisha. Bi Mwantum, mama aliyemzaa Muhidini, alikuwa pale juu yao akimbembeleza mtoto.

Alivuta mkono. Haukutoka. Muhidini hakumbana, ila alikuwa hajamaliza.

Juu, mtu alikohoa. Kikohozi kidogo, chembamba.

Muhidini akainua uso. "Nani huyo?"

"Mama," alisema Mwanamina. "Kifua kinamsumbua."

Tii... tii...

"Na mwanangu Mwanaharusi, hajambo?"

Akisema hajambo, mtoto haioni asubuhi. Akinyamaza, watasimama hapa hapa mpaka mtoto alie. Alimtazama usoni. Yalikuwa macho ya baba anayetaka habari za mwanawe, hayana ubaya wowote, na hilo lilimtisha kuliko harufu, kuliko maji.

"Tulimzika," alisema. "Homa ilimchukua, baba Mwanaharusi. Pole."

Muhidini akageuka kuutazama mto.

"Mbona kule sijamwona?"

Mwanamina alitazama maji yakidondoka miguuni pake.

"Maskini. Mtoto mdogo vile, peke yake, na watu wote wale. Ngoja nikamtafute."

Akauachia mkono. Alielekea mtoni, na nyasi hazikulala alipopita.

Alfajiri Bi Mwantum hakuamka. Mwanaharusi aliamka, homa imeshuka, akaomba uji. Mwanamina alimlilia mama mkwe wake mpaka sauti ikamkauka, na chanzo cha kifo kile hakumwambia mtu.

Mumewe alimjua. Hana haraka, na hamruki mtu. Atawashika mkono wafu wote, mmoja mmoja, amuulize kila mmoja habari za kwao, mpaka ahakikishe kwamba mwanawe hayumo. Kisha atarudi kuuliza tena.

Kwa hiyo habari za misiba zilipokuja, za Utete, za Mtunda, za vilima vya Umatumbi ambako vijiji vizima vilikufa kwa njaa, Mwanamina alijifunika kanga akalia na wenzake. Alilia kweli. Na humo ndani ya kanga, Mungu amsamehe, alishukuru kwamba wafu wa kushikwa mkono wameongezeka.