Visahani Visivyo na Risasi

Alasiri, unga wa njano ulielea kwenye mwali wa jua, na mama akauona mzuri kama ndoto. Ulikuwa na madini ya risasi. Yeye na mumewe waliubana kuwa visahani vyembamba vya kauri, wakavichoma tanurini nyuma ya nyumba. Visahani hivyo viliwekwa ndani ya taa za kupigia picha. Vilishika umeme, kisha vikautoa wote mara moja. Mwanga!

Lakini binti yao alikuwa amenyamaza. Walimwita Chiriku kwa maneno yake mengi. Sasa hakula vizuri, hakuuliza kitu. Zahanati walipima damu yake, wakakuta sumu ya risasi.

"Nimemletea mimi, kwenye nguo zangu," mama alilia.

Akaacha unga wa njano. Akafuta vumbi lote nyumbani kwa kitambaa chenye maji. Kila jioni alioga na kubadili nguo kabla ya kumbeba mtoto.

Wakanunua unga usio na risasi. Visahani vipya vilipotiwa umeme, paa! Vikapasuka.

"Tutakula nini?" mumewe aliguna. "Turudi kwenye ule wa zamani."

"Sirudi," alisema mama. Akamwita wifi yake, aliyefanya kazi maabara ya kauri.

"Mlivichoma vipi?" wifi aliuliza.

"Kutwa nzima, ili viive."

"Nyie! Kauri si maharage." Wifi akavunja kisahani, akampa mama kioo cha kukuzia. "Tazama. Chembe zimenenepa kwa moto mrefu, na kuna vitundu. Umeme hupenya hapo. Chembe ndogo zilizoshikana hustahimili umeme mwingi, kwa hiyo hutunza mwingi."

"Tufanyeje?"

"Sageni unga uwe laini kabisa. Pandisheni moto upesi, kisha muushushe kidogo, ukae hapo. Haraka haraka haina baraka, ila hapa mwanzoni inayo!"

Wakasaga. Kinu kilizunguka kwa sauti ya mvua ya mbali. Mama alifumba macho, akamsikia Chiriku wa zamani akiongea ndani ya mvua ile.

Visahani vilipotoka tanurini na kutiwa umeme, havikupasuka. Fundi wa taa akaagiza vingine.

Miezi ikapita. Zahanati wakasema risasi inapungua. Siku moja baba alileta sebuleni taa yenye visahani vyao, akabonyeza. Ukuta wote ukawa mweupe.

"Mama! Jua limeingia ndani!" Chiriku alipiga kelele. "Nani kaliita? Linalala wapi? Linakula?"

"Tumekwisha," baba alisema, akijifuta macho. "Leo hatulali."

"Uliza, mwanangu," mama alisema. "Uliza tena."