Pini ya Mguu wa Ndege

Evarista alimcheka kwanza, mapenzi yakaja baadaye. Stendi ya Iringa imefurika, naye kijana mrefu kakumbatia blanketi kama amebeba kichanga. Evarista, kang'ara na gauni la kitenge cha njano, akamuuliza mama wa mtoto yuko wapi. Gwakisa akafunua blanketi: pini ya chuma nene, imepakwa kromu hadi unajiona. Ni ya mguu wa ndege, akasema, ameisaga mwenyewe karakanani kwao Iyunga, Mbeya. Kumbe inakwenda uwanja wa ndege uleule ambako Evarista hukatia watalii tiketi! Wakapeana namba.

Miezi minane simu hazikupoa. Gwakisa alimweleza jinsi chuma kile kisivyotaka pupa: jiwe la kusagia likile kidogo kidogo, maji ya kupozea yasikatike. Evarista alimwita bwana harusi wa mashine, na alimpenda, basi. Mshenga akafika Kalenga kwa wazazi wa Evarista, siku ikapangwa: Jumamosi, Gwakisa aonwe na wakwe.

Ijumaa mchana Gwakisa akapiga simu.

"Mpenzi, kesho siji. Nimeunguza pini nyingine ya ndege ya huko kwenu. Niliharakisha niwahi safari."

"Imeharibika?"

"Inang'aa vizuri tu. Ila chini ya kromu chuma kimeungua, siku ndege ikitua pini itakatika. Lazima nianze upya, na ndege inasubiri."

"Wajomba wameshaalikwa, Gwakisa. Kama hunitaki sema, usinisingizie chuma."

Akakata simu, akalia. Jumamosi wajomba walikula wali wao wakaondoka wakinong'ona, na baba yake hakumsemesha hadi Jumapili. Simu za Gwakisa hakuzipokea hata moja.

Jumatatu watalii wakamfokea dirishani, ndege hairuki. Akamfuata mhandisi kuuliza kulikoni. Pini haijaja, mhandisi akasema. Fundi wa Iyunga kaikataa kazi yake mwenyewe, na kwa macho hakuna ambaye angeligundua kosa. Evarista aliona aibu, na chini ya aibu furaha tele. Jioni alikuwa Kalenga, akamsimulia baba yote, kisha akapiga simu.

"Gwakisa, nisamehe, mpenzi wangu. Baba huyu hapa."

Mzee aliishika simu kwa mikono miwili, akasalimu kwa Kihehe.

"Kamwene, kijana. Nilikuwa na maswali mengi ya kukuuliza Jumamosi."

"Niulize tu, baba."

"Yamekwisha. Limebaki moja: harusi tufanyie huku, au kwenu Mbeya?"