Mzee Aliyechorwa Mgongo

Mke wangu, Alinanuswe, alichora kitabu kimoja tu cha katuni maishani mwake. Kinasimulia siku zake za kwanza kwetu Mpuguso akiwa bibi harusi: njia ya migombani, jiko la mama, ng'ombe aliyemkimbiza. Baba yangu yumo pia, lakini kila picha inamwonyesha mgongo tu, na hana neno hata moja. Kwetu Wanyakyusa, mkamwana wa zamani hakuonana na baba mkwe wala kutaja jina lake. Akisikia kikohozi chake njiani, aliingia migombani na kujifunika kanga mpaka apite. Alinanuswe alikuwa mwalimu wa sekondari, lakini hilo alilishika mpaka baba alipofariki, na hata baada ya hapo.

Yeye mwenyewe alifariki mwaka jana. Binti yetu Jenifer bado mdogo; sauti ya mama yake ameshaanza kuisahau. Ndiyo sababu nilikipeleka kitabu kwa Anwari, anayetengeneza video za harusi pale mtaa wa Bagamoyo, Tukuyu mjini, akifanye katuni inayotembea na kusema. Sauti ilikuwapo. Alinanuswe alipokuwa akichora alijirekodi kwenye simu akisoma maneno ya kila picha, asikie kama yanakaa vizuri mdomoni.

Kazi ilikwenda vizuri. Mchana mmoja wa mvua nilimwona mke wangu kwenye kioo cha kompyuta, kikapu kichwani, kanga ya njano begani, akimgombeza ng'ombe kwa sauti yake mwenyewe. Nilimwomba Anwari airudie. Aliirudia bila kunitazama usoni, nami nilimshukuru moyoni kwa hilo.

Kilichobaki kilikuwa baba.

"Kaka Hezron, huyu mzee lazima ageuke," Anwari alisema. "Kitabuni sawa. Kwenye video watasema Anwari kashindwa kuchora pua."

Nilicheka, nikampa picha ya baba. Sauti niliitoa mimi, kwa kuwa watu husema nazungumza kama yeye. Nilikohoa alivyokuwa akikohoa, kisha nikasema maneno niliyoyatunga mwenyewe: "Mkamwana, karibu nyumbani." Niliona ni zawadi. Ni salamu ambayo hakupata kumpa.

Jioni nilimsimulia shangazi Andongwisye, dada yake baba, kwa simu.

"Umewakutanisha?"

"Ni picha tu, shangazi."

"Na sauti nayo ni picha?"

Kesho yake ukungu ulikuwa umeshuka mpaka kwenye mabati. Anwari aliwasha video. Alinanuswe alikuja njiani na kikapu chake. Baba alikohoa, akaanza kugeuka.

Alinanuswe alisimama.

Anwari hakuwa amemchora akisimama. Alishusha kikapu. Akavuta kanga juu ya kichwa. Akaiacha njia. Majani ya migomba yakafunguka, yakajifunga.

"Umefanya wewe?" nilinong'ona.

"Hapana, kaka."

Tulirudisha mwanzo. Njia ilikuwa tupu. Jikoni hapakuwa na mtu. Ng'ombe alikimbia peke yake, hakuna aliyemgombeza.

Nilitoa simu, nikafungua rekodi zake moja baada ya nyingine. Hakuna neno. Zilikuwa na hatua tu, juu ya majani makavu, zikienda mbali.

Nilimwambia Anwari amfute baba: uso, maneno, kila kitu. Alifuta mbele ya macho yangu. Njia ilibaki tupu.

Kikohozi hakikufutika.

Niliporudi nyumbani nilimkuta Jenifer sakafuni na nakala iliyochapwa ya kitabu cha mama yake, iliyobaki nyumbani, ambayo hakuna kompyuta iliyoigusa. Alikuwa akikifunua taratibu, ukurasa kwa ukurasa, kama mtu anayetafuta kitu. Aliuona uso wa babu yake kwa mara ya kwanza maishani, maana mzee alifariki kabla hajazaliwa, na picha yake niliifungia kabatini muda mrefu.

"Baba," aliniuliza, "huyu babu anamtafuta nani?"

Nilichukua kitabu. Kikapu kilikuwa chini, njiani. Baba alikuwa amegeuka. Anatazama migomba.

Niliingia chumbani, nikafungua sanduku la Alinanuswe. Ufunguo ninao mimi. Kanga ya njano ilikuwa pale pale nilipoiweka tulipotoka kumzika, imekunjwa vilevile. Pindo lilikuwa na umande. Juu yake palikuwa na utomvu wa mgomba.

Kila mtu wa huku kwetu Rungwe anaujua. Ukitoka kwenye mti ni kama maji. Ukishakaa kwenye nguo hugeuka mweusi, na hautoki tena.

Huu ulikuwa bado kama maji. Nilikaa kitandani, nikautazama ukigeuka.