Upanga wa Siyu Katika Mnara wa Gjon

Zama zile Wareno walipozichoma bandari za pwani, Shee Fumoluti, mwana wa mfua panga wa Siyu, alitekwa akafungwa kwenye kasia la merikebu yao. Miaka minne alivuta kasia, na miguu ikimwasha kutaka kwenda. Siku merikebu ilipovunjika kwenye miamba ya Waalbania, alimpokonya nahodha upanga uliofuliwa na baba yake, ulioporwa siku ile ya kutekwa, akakimbilia milimani.

Aliingia bonde ambalo hata leo wasafiri hawalijui: mto wa buluu, maporomoko yakinguruma, vilele vyeupe kama chokaa. Hakuyatazama sana. Watu sita wa merikebu, juu ya farasi wa kupora, walikuwa nyuma yake.

Penye mnara wa mawe alitoka mzee Gjon, aliyewahi kuwa askari Misri na kujua Kiarabu. Akanyoosha mkono kuuchukua upanga. Shee akaruka nyuma. Kwao, anayekuvua upanga anatafuta pingu.

"Hunipati!" alifoka kwa Kiarabu cha chuoni kwao.

"Sikutaki wewe," Gjon akasema. "Silaha ya mgeni hutundikwa ukutani mwangu. Usipoitoa, wewe ni mpita njia tu, na mpita njia sina haki ya kumtetea."

Kwato zilikwisha kusikika. Shee aliukaza upanga mkononi. Kisha akautoa.

Wale sita walifika wakitaka mtumwa wao. Gjon akawanyooshea mkono vilevile. "Leteni silaha, mwingie mle chakula." Wakacheka, wakafyatua bunduki. Siku tatu mnara ulizingirwa, Gjon akitumia bunduki yake kutoka tundu la ukuta hata baada ya risasi kumpasua bega. Siku ya nne theluji ikawafukuza.

Bega lilipopona, Gjon aliushusha upanga ukutani amrudishie mgeni wake. Shee alikuwa amekwisha kufunga viatu. Kukaa kulimchosha kuliko kasia.

"Na nikiuacha hapo?"

"Utabaki mgeni wangu, popote ulipo."

Ulikuwa kitu pekee alichobaki nacho cha baba yake. Aliutazama kwa uchungu mwingi, akaondoka mikono mitupu.

Ilimchukua miaka sita kufika Siyu. Mama yake alimlilia, kisha akamtazama kiunoni.

"Shee, mwanangu, upanga wa babako umeupoteza?"

"La, mama. Umetundikwa nyumbani."

Hakuketi. Alisimama mlangoni, uso kaskazini, uliko mnara.